Kuhamishia Mfumo Huria kwenye Mashine Kuukuu: Mfano wa Linux na Prosesa za Motorola 68000

1. Utangulizi

Kompyuta haizeeki kama cherehani. Cherehani huchakaa kwa sababu vyuma vyake husuguana kila siku. Kompyuta yaweza kutimiza miaka 20 huku sehemu zake kuu zikifanya kazi vizuri, na hata hivyo ikahesabiwa kuwa imekufa. Kinachoiua mara nyingi ni uamuzi wa kampuni iliyoitengeneza: kampuni huacha kuandika programu kwa ajili yake. Tangu siku hiyo mwenye mashine hubaki na chombo kizima kisichopata masahihisho ya makosa, kisichoweza kuungana na vyombo vipya, na kisichosoma majalada yanayoandikwa na mashine za leo.

Kuna watu ambao hawakuukubali uamuzi wa namna hiyo. Walichukua mfumo endeshi ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, wakaurekebisha mpaka ukafanya kazi katika mashine ambazo watengenezaji wake walikwisha kuziacha. Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo: maana yake, chimbuko lake, hatua zake, na mambo yanayoifanya idumu au ikatike. Mfano utakaochunguzwa ni wa Linux na prosesa za jamii ya Motorola 68000. Mwishoni yataguswa masuala mawili yanayowahusu wasomaji wa Kiswahili, yaani suala la mashine zinazofika zikiwa zimekwisha kutumika na suala la istilahi.

2. Maana ya maneno ya msingi

Kabla ya kuingia katika mada yenyewe, yafaa kufafanua maneno manne yatakayorudiwa mara kwa mara.

Mfumo endeshi ni jumla ya programu zinazosimama kati ya mashine na mtumiaji wake. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaopanga zamu za programu mbalimbali, unaosoma na kuandika diski, na unaopokea herufi kutoka kwenye kibodi. Sehemu yake ya ndani kabisa, ambayo pekee ndiyo inayoruhusiwa kugusa vyombo vya mashine moja kwa moja, huitwa kiini. Kwa usahihi, jina Linux ni la kiini tu. Programu nyingi zinazokizunguka zilitoka katika mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983.

Neno huria lahitaji uangalifu. Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili, huria na bure, kama vile Kifaransa kinavyotenga uhuru na kutolipa. Programu yaweza kutolewa bure na bado isiwe huria, ikiwa msimbo wake umefichwa. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza, hata kama alilipia nakala yake. Katika mada hii tofauti hiyo ndiyo msingi wa kila kitu: programu ya bure iliyofichwa haiwezi kurekebishwa na yeyote asiye mtengenezaji wake.

Neno la nne ni kuhamishia. Kitenzi hama huzaa hamisha, na hamisha huzaa hamishia, katika kauli ya kutendea. Kiambishi hicho cha mwisho ndicho kinachobeba maana inayotakiwa, kwani mfumo hauondolewi mahali pake pa kwanza kama mzigo unaohamishwa kutoka nyumba hii hadi ile. Hubaki pale ulipokuwa, na papo hapo hupatiwa makao mengine. Kuhamishia mfumo kwenye mashine fulani, basi, ni kuuandikia upya sehemu zile tu ambazo mashine hiyo inazidai, bila kuzigusa sehemu nyingine.

3. Chimbuko la fikra yenyewe

Katika miaka ya 1960 mfumo endeshi ulikuwa mali ya mashine moja. Uliandikwa kwa lugha ya asembli, ambayo kila amri yake yalingana na amri moja ya prosesa, na kwa hiyo haukuweza kutumika kwingine. Unix nayo ilizaliwa hivyo. Ken Thompson na Dennis Ritchie waliianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, juu ya mashine ndogo iliyoitwa PDP-7.

Badiliko kubwa lilitokea mwaka 1973, kiini cha Unix kilipoandikwa upya kwa lugha ya C, ambayo Ritchie ndiye aliyeibuni. Lugha ya C haifungamani na prosesa yoyote. Huandikwa kwa namna moja, kisha programu ya kufasiri, ambayo mafundi huiita kompaila, huigeuza kuwa amri za prosesa inayohusika. Kuanzia hapo iliwezekana kufikiri kwamba mfumo mzima ungeweza kuhama. Jaribio lilifanyika mara mbili karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1977 Richard Miller wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, aliihamishia Unix kwenye mashine ya Interdata 7/32. Na katika maabara ya Bell, Ritchie na Steve Johnson waliihamishia kwenye Interdata 8/32. Makundi hayo mawili yalithibitisha jambo lile lile: sehemu kubwa ya mfumo haina haja ya kujua iko juu ya mashine gani.

Kutokana na kazi hizo ilizaliwa kanuni inayofuatwa hadi leo. Msimbo hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza, lililo kubwa, ni la jumla: latumika kila mahali. Fungu la pili, lililo dogo, ni la mashine maalumu. Kadiri mpaka kati ya mafungu hayo unavyochorwa kwa uangalifu, ndivyo kazi ya kuhamishia inavyokuwa nyepesi. Mradi wa NetBSD, ulioanza mwaka 1993, umeifanya kanuni hii kuwa nguzo yake kuu. Ndiyo sababu umeweza kukaa hata katika mashine za VAX, ambazo ya kwanza ilitangazwa mwaka 1977 na ambazo utengenezaji wake ulikoma mwaka 2000.

4. Linux, mfumo uliozaliwa bila nia ya kuhama

Jambo la kushangaza ni kwamba Linux haikuandikwa kwa kanuni hiyo. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliutangaza mradi wake Agosti 1991 kwa kuonya wazi kwamba haukuweza kuhamishwa. Alikuwa amenunua kompyuta yenye prosesa ya Intel 386, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kuifahamu prosesa hiyo. Kwa hiyo alitumia njia zake za pekee za kubadilishana zamu kati ya programu, na diski aliyoijua ilikuwa ya aina moja tu.

Hata hivyo mwaka 1992 Linux iliwekwa chini ya leseni ya GNU, na kuanzia hapo nia ya mwanzilishi haikuwa tena mpaka wa kazi. Miongoni mwa waliouchukua msimbo huo mapema walikuwamo wenye kompyuta za Amiga na Atari. Mashine hizo zilitumia prosesa za Motorola. Ya kwanza katika jamii hiyo, 68000, ilitoka mwaka 1979. Zikafuata 68020 mwaka 1984, 68030 mwaka 1987, 68040 mwaka 1990 na 68060 mwaka 1994. Jamii hiyo ilikuwa na heshima kubwa: kompyuta za kwanza za Macintosh, nyingi za Sun, na zote za Amiga na Atari ST zilijengwa juu yake.

Lakini wakati kazi ilipokuwa ikiendelea, ardhi ilikuwa ikimomonyoka. Kampuni ya Commodore, iliyotengeneza Amiga, ilifilisika Aprili 1994. Mwaka huo huo Apple ilianza kuziacha prosesa za Motorola 68000 na kuingia katika PowerPC. Atari nayo ilikuwa imekwisha kuacha biashara ya kompyuta. Hivyo basi Linux ilifika katika nyumba ambayo wenyeji wake walikuwa wakifungasha. Msimbo wa m68k, kama jamii hiyo inavyoitwa kwa kifupi, ulikuwamo katika Linux 2.0 iliyotoka Juni 1996. Tangu hapo umedumu kwa miaka mingi zaidi ya ile ambayo Commodore iliitengeneza Amiga.

5. Hatua za kazi

5.1. Kupata kompaila

Hatua ya kwanza haifanyiki katika mashine inayokusudiwa. Mashine hiyo bado haina mfumo, nayo huenda ni dhaifu mno. Kinachohitajika ni kompaila inayoendeshwa katika kompyuta yenye nguvu na kutoa amri za prosesa nyingine. Mradi wa GNU ulikuwa na kompaila ya namna hiyo, yaani GCC, nayo ilizijua prosesa za Motorola tangu mapema. Bila GCC kusingekuwa na Linux ya m68k. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani litarudi katika sehemu ya 6.

5.2. Kuingia mlangoni

Mashine inapowashwa haijui chochote kuhusu Linux. Katika kompyuta za Amiga, Atari na Macintosh ufumbuzi uliochaguliwa ulikuwa wa busara: kuuacha mfumo wa zamani uwashe mashine, kisha kuendesha ndani yake programu ndogo ya kupakia. Programu hiyo hukiweka kiini cha Linux katika kumbukumbu, huandaa orodha fupi ya habari kuhusu mashine (ni ya aina gani, ina kumbukumbu kiasi gani na wapi), halafu huruka na kuingia katika kiini. Mfumo wa zamani hutoweka kabisa. Kiini husoma orodha ile na kujua kiko nyumbani kwa nani. Kwa njia hiyo kiini kimoja chaweza kutumika katika Amiga na Atari bila kufasiriwa upya.

5.3. Kumbukumbu

Linux hutaka kila programu iamini kwamba ina kumbukumbu yake peke yake, isiyoonwa wala kuharibiwa na programu jirani. Jambo hilo haliwezekani bila kitengo cha kusimamia kumbukumbu, ambacho hutafsiri kila anwani inayoombwa na programu kuwa anwani halisi. Prosesa ya 68000 haina kitengo hicho. Ile ya 68020 yaweza kuongezewa kwa chipu ya pembeni, iitwayo 68851. Kuanzia 68030 kitengo kimo ndani ya prosesa yenyewe, ingawa baadhi ya prosesa za bei nafuu zilitengenezwa bila hicho.

Hapa ndipo unapoonekana mpaka wa kweli wa kuhamishia. Amiga 500 ya mwaka 1987, ambayo iliingia katika nyumba nyingi za Ulaya, ilibaki nje kwa sababu ya chipu moja isiyokuwamo. Amiga 3000 ya mwaka 1990, yenye 68030, iliingia. Baadaye, mwaka 1998, tawi la Linux liitwalo uClinux lilionyesha kwamba hata prosesa zisizo na kitengo hicho zaweza kupokea kiini, mradi mtumiaji akubali kuukosa ulinzi kati ya programu na programu.

Amiga ilikuwa na mtihani mwingine. Kumbukumbu yake ni ya aina mbili: moja hufikiwa na prosesa na chipu za picha na sauti pamoja, nyingine hufikiwa na prosesa tu. Kiini kilichozaliwa katika mashine ya Intel hakikuijua tofauti hiyo. Ilibidi kifundishwe kuomba kumbukumbu ya aina ya kwanza kila chipu hizo zinapohusika.

5.4. Mpangilio wa baiti

Tarakimu kubwa haienei katika baiti moja, hugawanywa. Prosesa za Motorola huanza na baiti nzito, kama vile mtu anavyoandika mamia kabla ya makumi. Zile za Intel huanza na baiti nyepesi. Namba 258, kwa mfano, ni 256 mara 1 kujumlisha 2. Motorola huiandika 1 kisha 2, na Intel huiandika 2 kisha 1. Diski iliyoandikwa na moja ikisomwa na nyingine bila tahadhari, 258 hugeuka 513.

Programu iliyoandikwa na mtu aliyeijua Intel peke yake hujaa makosa ya aina hii bila yeye kujua, kwa kuwa katika mashine yake hayaonekani. Yanafanana na kosa la msemaji ambaye hajawahi kutoka nje ya kijiji chake, akadhani kila mtu hulitamka neno kama yeye. Watu wa m68k walilazimika kuyatafuta makosa hayo moja baada ya jingine. Kila moja lililosahihishwa liliwafaa pia watumiaji wa SPARC, PowerPC na prosesa nyingine zinazoanza na baiti nzito.

5.5. Viendeshi

Kazi inayobaki ndiyo ndefu kuliko zote: kuandika viendeshi, yaani programu ndogo zinazojua kuzungumza na chombo kimoja kimoja, kama diski, kioo, kibodi, saa au kadi ya mtandao. Pale ambapo mtengenezaji alichapisha maelezo kamili ya vyombo vyake, kama Commodore ilivyofanya kwa sehemu kubwa ya Amiga, kazi ilikwenda vizuri. Pale ambapo maelezo yalifichwa, kama ilivyokuwa kwa mashine nyingi za Macintosh, watu walilazimika kubahatisha na kujaribu, na hivyo walichelewa sana.

6. Kinachoidumisha kazi na kinachoikatisha

Watu wengi hudhani kwamba mfumo ukishawaka, kazi imekwisha. Historia ya m68k yaonyesha kinyume. Kiini hubadilika kila wiki, programu hukua kila mwaka, na fungu la mashine maalumu lisipofuata, huvunjika.

Julai 1998 mradi wa Debian ulitoa toleo la 2.0, la kwanza kutolewa kwa zaidi ya jamii moja ya prosesa: Intel na m68k. Ugumu ulijitokeza mara moja. Vifurushi vilikuwa mamia kwa mamia, na kifurushi kilichofasiriwa kwa dakika chache katika mashine mpya kilichukua saa nyingi au siku kadhaa katika Amiga. Ndipo wahusika wa m68k walipobuni utaratibu wa kugawana kazi kati ya mashine nyingi bila mtu kuzisimamia usiku na mchana. Utaratibu huo baadaye ulitumiwa na Debian nzima, hata kwa prosesa zenye kasi. Udhaifu wa mashine uliwalazimisha kutengeneza chombo ambacho wenye nguvu hawakuwa wameona haja yake. Hata hivyo umbali uliendelea kukua, na Debian 4.0 ilipotoka Aprili 2007, m68k haikuwamo tena katika orodha rasmi. Ilihamia katika kundi la jamii zinazotunzwa na watu wa kujitolea.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2019, nao haukutoka katika kiini bali katika kompaila. Watunzaji wa GCC waliamua kuiondoa njia ya zamani ya kueleza matokeo ya ulinganishaji, ambayo jamii chache tu zilikuwa bado zinaitumia, m68k ikiwamo. Jamii ambayo isingeandikwa upya ingetupwa. Kama ilivyoelezwa katika 5.1, bila kompaila hakuna mfumo: Linux na NetBSD za m68k zingekwama pamoja katika toleo la mwisho la GCC lililozijua. Watumiaji walikusanya michango ya fedha, mtaalamu akaifanya kazi hiyo, nayo ikapokelewa kabla ya mwaka kwisha. GCC 10 ya mwaka 2020 ilitoka m68k ikiwamo. Mwaka uliofuata kompaila nyingine, LLVM, nayo iliipokea jamii hiyo kwa majaribio.

Yafaa kulinganisha na yaliyozipata jamii nyingine. Linux 3.8 ya Februari 2013 iliiacha prosesa ya 386, ile ile ambayo Linux ilizaliwa juu yake. Linux 4.17 ya Juni 2018 iliondoa jamii 8 kwa pamoja, nyingi zikiwa changa kuliko m68k na zenye kampuni zilizokuwa zimezitangaza. Itanium, iliyoingia sokoni mwaka 2001 kwa gharama kubwa, iliondolewa katika Linux 6.7 ya Januari 2024. Motorola 68000 imezidi kubaki. Umri, basi, siyo sababu ya kuondolewa. Sababu ni kutokuwapo mtu anayejibu barua, anayejaribu matoleo mapya na anayesahihisha yaliyovunjika. Jamii zilizoondolewa zilikuwa na wenyewe waliolipwa. Walipoacha kulipwa, waliondoka. Jamii iliyobaki ilikuwa na wapenzi.

Wapenzi hao nao wana mitihani iliyo mbele yao. Kanuni za m68k huruhusu namba ya baiti 4 kuanzia katika anwani yoyote inayogawanyika kwa 2, wakati programu nyingi za leo hudhani kwamba itaanzia katika ile inayogawanyika kwa 4. Tena iko tarehe 19 Januari 2038, ambapo saa inayohesabu sekunde kwa biti 32 tangu mwaka 1970 itajaa na kurudi nyuma. NetBSD ililitatua tatizo la saa katika toleo la 6.0 la mwaka 2012 kwa kuipa hesabu hiyo biti 64 katika mashine zake zote.

7. Kuhamishia na kuiga

Kuna njia ya pili ambayo mara nyingi huchanganywa na ya kwanza. Badala ya kuurekebisha mfumo uifuate mashine, mtu huandika programu inayoiga mashine nyingine, kisha huuendesha mfumo ndani ya kiigizi hicho bila kuubadilisha. Mwaka 2012 Dmitry Grinberg aliiwasha Linux katika chipu ndogo ya biti 8 kwa kuiga ndani yake prosesa ya ARM. Mashine ilichukua saa 2 hivi kabla ya kuwa tayari kupokea amri ya kwanza. Huo haukuwa uhamishaji: Linux haikujua kamwe kwamba iko juu ya biti 8.

Hata hivyo kuiga kumekuwa msaada mkubwa wa kuhamishia. Kiigizi cha ARAnyM, kinachoiga mashine ya Atari ndani ya kompyuta ya kisasa, kilitumiwa na watu wa Debian kufasiri vifurushi vya m68k kwa kasi kuliko mashine halisi. Mwaka 2021 kiigizi cha QEMU kiliongezewa mashine ya m68k ambayo haijawahi kutengenezwa kiwandani, iliyobuniwa kwa ajili ya kazi hiyo tu. Mfumo sasa waweza kuishi hata kama Amiga zote zitaharibika. Swali linalozuka ni kama huko bado ni kuishi. Wapo wasemao kwamba mfumo usio na mashine ni kama lugha iliyobaki katika kamusi. Wapo wajibuo kwamba bila kamusi hiyo, atakayetaka kuifufua hatakuwa na pa kuanzia.

8. Faida na mipaka

Faida ya kwanza ni ya elimu. Mashine ndogo yaweza kueleweka yote na mtu mmoja. Mwanafunzi anayesoma fungu la m68k huona wazi ni wapi kiini kinaishia na ni wapi mashine inaanzia, jambo linalofichika katika kompyuta za leo. Faida ya pili ni ya ubora: msimbo uliojaribiwa katika mashine za namna nyingi huwa na makosa machache kuliko ule uliojaribiwa katika moja.

Mipaka nayo isifichwe. Kiini cha leo ni kikubwa mara nyingi kuliko kile cha 1996, na mashine yenye MB 8 za kumbukumbu hupata taabu hata kukibeba. Kurasa za intaneti na njia za kuficha siri hudai hesabu nzito ambazo prosesa ya mwaka 1990 haiziwezi kwa wakati unaofaa. Aidha, kibao kidogo cha kisasa hutumia umeme kidogo na hufanya kazi mara mia na zaidi. Atakayedhani kwamba chuo kitapata maabara kwa kukusanya Amiga atakuwa amejidanganya.

Funzo linalohusu vyuo liko katika mashine za karibu zaidi. Katika sehemu nyingi za Afrika kompyuta hufika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, na hivyo nusu ya umri wake umekwisha kupita siku ya kwanza zinapowashwa. Kila kampuni inapofupisha umri wa programu zake, ni nusu ile ya pili inayokatwa. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zinazoiendesha hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux yaweza kuzipokea mashine hizo. Lakini hata upande wa programu huria mlango husogea: Debian 13 ya Agosti 2025 haikutoa tena kiini wala programu ya kusimikia kwa ajili ya kompyuta za Intel za biti 32. Uamuzi huo ulichukuliwa kwa sababu zile zile zilizoonekana katika sehemu ya 6, yaani uhaba wa watu wa kuitunza kazi hiyo. Tofauti ni kwamba hapa msimbo haukufungwa. Wenye kuzihitaji mashine hizo wanaruhusiwa kuendelea pale ambapo wengine wameishia, ikiwa watakuwa na ujuzi.

9. Kiswahili katika kazi hii

Uhamishaji haukomi kwenye chuma. Mfumo huhamishiwa pia kwenye lugha. Mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelezo kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ile ile iliyowawezesha watu wa Amiga: msimbo ulikuwa wazi, na leseni iliruhusu. Kanuni ya mafungu mawili ilifanya kazi hapa pia, kwani maneno yanayoonekana na mtumiaji yalikuwa yametengwa na msimbo unaotenda.

Katika hazina ya CLDR, ambamo mifumo mingi huchota majina ya miezi, siku na sarafu kwa kila lugha, Kiswahili cha Kongo kimetengewa nafasi yake kando ya vile vya Tanzania, Kenya na Uganda. Nafasi hiyo ni sawa na fungu la mashine maalumu: yale yanayofanana hukaa katika Kiswahili cha jumla, na yale yanayotofautiana tu ndiyo huandikwa pembeni. Nayo hutunzwa na wanaojitokeza kuitunza. Wanaisimu hawahitaji kujua lugha ya C ili kuyasahihisha majina yaliyomo humo. Wanahitaji kukijua Kiswahili.

Kuhusu istilahi, makala haya yametumia maneno yaliyokwisha kuzoeleka, kama kiini, kiendeshi na kumbukumbu, na yameyaacha maneno kama kompaila na prosesa katika umbo lake la kukopa. Neno kufasiri lingeweza kuzaa jina la Kiswahili kwa ajili ya kompaila; lakini mfasiri ni mtu katika masikio ya wengi, na kifasiri bado hakijapata wasemaji. Istilahi nayo, kama jamii ya prosesa, huhitaji wa kuitumia kila siku.

10. Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi mfumo huria unavyohamishiwa kwenye mashine zilizoachwa, kwa mfano wa Linux na Motorola 68000. Imeonekana kwamba mambo matatu ndiyo yanayoiwezesha kazi hiyo: msimbo ulio wazi pamoja na leseni inayoruhusu kuubadilisha, mgawanyo mzuri kati ya yaliyo ya jumla na yaliyo ya mashine maalumu, na kompaila inayotunzwa. Imeonekana pia kwamba mambo hayo yanawezesha tu, wala hayatoshi. Prosesa ya mwaka 1979 imewazidi umri warithi wake wengi kwa kuwa kila ilipofika ukingoni, watu kadhaa walikaa chini wakaandika yaliyokosekana.

Kwa vyuo vikuu vinavyotegemea mashine zilizokwisha kutumika, swali la vitendo ni kama wapo wanafunzi wanaofundishwa kuusoma msimbo wa mfumo wanaoutumia. Kompyuta za biti 32 zilizomo katika ofisi na maabara nyingi leo ziko mahali Amiga ilipokuwa mwaka 1994. Leseni imekwisha kutolewa, na msimbo upo. Kinachobaki ni kuwaandaa watakaoufanyia kazi.